Walichora Hewa: Wachoraji wa Kijerumani na Nuru ya Italia

Mtu akisimama juu ya kilima na kutazama safu ya milima iliyo mbali, huiona ina rangi ya samawati. Akiikaribia, samawati hiyo hutoweka, na mahali pake huonekana miti ya kijani, majabali ya kijivu na udongo mwekundu. Je, rangi ile ilikuwa wapi? Haikuwa mlimani, kwa kuwa mlima haukubadilika. Haikuwa machoni, kwa kuwa macho ni yale yale. Ilikuwa katika hewa iliyokuwapo baina ya mtazamaji na mlima.

Jambo hili, ambalo leo ni somo la fizikia, liliwashughulisha kwa miaka mingi watu ambao hawakuwa wanafizikia. Katika karne ya 19, mamia ya wachoraji wa Kijerumani walivuka milima ya Alps na kwenda Italia kujifunza kuchora mandhari. Wengi walisema kwamba wanakwenda kuona magofu ya Warumi, bahari na mizeituni. Lakini tukizitazama kwa makini picha walizorudi nazo, tutaona kwamba kitu walichokichora zaidi ya vyote ni hewa na nuru ipitayo ndani yake. Katika makala haya tutaeleza sababu za kisayansi za mambo waliyoyaona, na kwa nini kuyaona kama yalivyo kulikuwa kazi ngumu kuliko tunavyodhani.

Njia ya kusini

Msomaji atakumbuka kwamba Ujerumani ya wakati huo haikuwa bado dola moja. Hadi mwaka 1871 nchi za Kijerumani zilikuwa nyingi, mathalan Prussia, Bavaria na Saxony, na kila moja ilikuwa na mtawala wake. Vijana waliotaka kuwa wachoraji walisoma katika vyuo vya sanaa vya miji kama Berlin, Munich, Dresden na Düsseldorf. Sehemu kubwa ya mafunzo yao ilifanyika chumbani, kwa kunakili kazi za mabingwa waliotangulia. Picha nyingi za zamani zilikuwa zimepakwa vanishi, na vanishi hiyo ilikuwa imegeuka njano na kahawia kwa kupitiwa na miaka. Hivyo mwanafunzi aliweza kumaliza mafunzo yake akiamini kwamba kivuli ni cha kahawia na kwamba nuru ina rangi ya asali.

Mtu aliyewavuta wengi kuelekea kusini alikuwa mwandishi Johann Wolfgang von Goethe, ambaye alikwenda Italia mwezi Septemba 1786 na kukaa huko hadi 1788. Masimulizi ya safari yake, yaliyoanza kuchapishwa mwaka 1816, yalisomwa mno na vijana. Huko Roma waliokwenda walimkuta Joseph Anton Koch, mzaliwa wa Tyrol, aliyefika mjini humo mwaka 1795 na ambaye aliwafundisha Wajerumani wengi hadi alipofariki mwaka 1839. Miongoni mwa waliojifunza kwake ni Ludwig Richter wa Dresden, aliyekuwa Italia kati ya miaka 1823 na 1826.

Wengi wao waliifuata kanuni iliyokuwa imeelezwa na mchoraji wa Kifaransa Pierre-Henri de Valenciennes, katika kitabu kilichotafsiriwa kwa Kijerumani mwaka 1803. Kanuni hiyo yasema kwamba mchoraji atoke nje na kipande kidogo cha karatasi na rangi za mafuta, akae mahali pamoja, na asichore kwa zaidi ya muda wa saa mbili, kwa sababu baada ya hapo nuru imekwisha kubadilika. Jua linapochomoza au kuchwa, nusu saa tu yatosha. Rangi zenyewe zilibebwa katika vifuko vya vibofu vya nguruwe, kwani tyubu ya bati ilivumbuliwa mwaka 1841 na Mmarekani John Goffe Rand. Vijipicha hivyo havikukusudiwa kuuzwa. Vilikuwa kumbukumbu za uchunguzi, mfano wa daftari la maabara. Picha kubwa ya kuonyeshwa kwa watu ilichorwa baadaye chumbani. Tofauti hii baina ya picha ya uchunguzi na picha ya maonyesho ni ya maana, nasi tutairudia.

Pembe ya jua

Kwa nini nuru ya Italia iliwashangaza? Sababu ya kwanza ni ya jiografia, na mwanafunzi anaweza kuikokotoa mwenyewe. Berlin ipo karibu na latitudo 52½ Kaskazini, na Roma karibu na 42. Ili kupata kimo cha jua wakati wa adhuhuri tarehe 21 Desemba, tunatoa latitudo ya mahali kutoka 90, kisha tunatoa tena 23½. Kwa Berlin tunapata nyuzi 14 tu juu ya upeo wa macho. Kwa Roma tunapata 24½. Mwezi wa Juni tunajumlisha 23½ badala ya kuitoa, nasi tunapata 61 kwa Berlin na 71½ kwa Roma.

Tofauti ya nyuzi kumi na nusu yaweza kuonekana ndogo, lakini matokeo yake si madogo. Jua likiwa chini, miali yake hupita katika hewa kwa mshazari, na safari hiyo huwa ndefu. Adhuhuri ya Desemba mjini Berlin, miali hupita katika hewa nyingi mara nne hivi kuliko ambavyo ingepita kama jua lingekuwa utosini; mjini Roma ni mara mbili na nusu hivi. Zaidi ya hayo, nuru inayofika kwa mshazari hutandaa juu ya eneo kubwa zaidi la ardhi. Hata kama mbingu ni nyeupe pote pawili, ardhi tambarare ya Roma siku hiyo hupata nuru ya jua zaidi ya mara moja na nusu ya ile ya Berlin.

Sababu ya pili ni hali ya hewa. Majira ya kiangazi katika nchi za Bahari ya Kati ni makavu na mawingu ni machache, ilhali kaskazini ya Alps mvua hunyesha hata wakati wa kiangazi. Sababu ya tatu ni ardhi yenyewe. Sehemu nyingi za Italia zina majabali ya chokaa yenye rangi nyeupe na udongo mkavu uliopauka, navyo huirudisha nuru kwa wingi. Kwa hiyo mchoraji aliyezoea misitu yenye giza na mbingu za kijivu alijikuta amesimama mahali ambapo nuru inatoka juu na kutoka chini pia.

Samawati ya mbali

Sasa turudi kwenye mlima wetu. Nuru ya jua, ijapokuwa twaiona nyeupe, ni mchanganyiko wa mawimbi ya urefu mbalimbali. Wimbi la nuru ya buluu lina urefu wa milimita 0.00045 hivi, na la nuru nyekundu milimita 0.00065 hivi. Nuru ikipita hewani hukutana na molekuli za hewa, nazo huitawanya kila upande. Mwaka 1871 mwanafizikia wa Kiingereza Lord Rayleigh alionyesha kwamba mtawanyiko huo huongezeka sana kadiri wimbi linavyokuwa fupi: urefu wa wimbi ukipungua kwa nusu, mtawanyiko huwa mara 16. Kwa kanuni hiyo, buluu tuliyoitaja hutawanywa zaidi ya mara nne kuliko nyekundu.

Hii ndiyo sababu ya mbingu kuwa samawati, na ndiyo sababu ya milima ya mbali kuonekana hivyo. Baina yetu na mlima wenye giza kuna kilomita nyingi za hewa inayomulikwa na jua, na hewa hiyo hutuletea machoni nuru ya buluu iliyotawanywa. Mlima ukiwa mbali zaidi, hewa ni nyingi zaidi, na utaji huo huwa mzito zaidi. Jua linapokuchwa mambo hugeuka. Buluu imekwisha kutawanywa njiani, na inayotufikia moja kwa moja ni nyekundu na njano iliyobaki. Oswald Achenbach wa Düsseldorf, aliyeishi kati ya 1827 na 1905, alipata sifa kwa kuzichora jioni za Naples na vumbi la barabara zake likiwa limejaa nuru hiyo ya mwisho.

Jaribio rahisi laweza kufanywa darasani. Chukua bilauri ya maji, tia matone machache ya maziwa, kisha upitishe mwali wa tochi ndani yake katika chumba chenye giza. Ukitazama kutoka ubavuni, maji yataelekea kuwa na samawati. Ukitazama tochi yenyewe kupitia katika maji hayo, utaiona imekuwa ya njano au nyekundu. Katika bilauri moja umepata adhuhuri na machweo.

Kosa la Goethe

Goethe aliyaona mambo haya yote kabla ya Rayleigh. Mwaka 1810 alichapisha kitabu kikubwa juu ya rangi, na ndani yake alieleza kwamba kitu chenye utusitusi kikiwa mbele ya giza huonekana samawati, na kikiwa mbele ya nuru huonekana cha njano au chekundu. Alieleza pia kwamba vivuli vina rangi. Wanaofanya uchunguzi huu leo watakubali kwamba ni sahihi. Kivuli cha nje hakipati nuru ya jua moja kwa moja, bali humulikwa na mbingu, na kwa hiyo huwa na samawati.

Lakini Goethe alitaka kwenda mbele zaidi. Aliikataa nadharia ya Newton kwamba nuru nyeupe ni mchanganyiko wa rangi zote, akashikilia kwamba rangi huzaliwa pale nuru inapokutana na giza. Katika hili alikosea, na wanafizikia hawakumfuata. Hapa pana funzo kwa kila mwanafunzi wa sayansi. Uchunguzi ni jambo moja, na maelezo ya uchunguzi ni jambo jingine. Mtu aweza kukosea katika maelezo, na bado uchunguzi wake ukabaki na thamani. Wachoraji waliosoma kitabu hicho hawakuhitaji nadharia yake. Walihitaji kuambiwa kwamba wayaamini macho yao, na kwamba kivuli chenye samawati si kosa la macho.

Rangi kutoka tanuri

Kuiona samawati ni kazi moja. Kuiweka juu ya karatasi ni kazi nyingine. Buluu bora ya wakati huo, iitwayo ultramarini, ilitengenezwa kwa kusaga jiwe la thamani lililoletwa kutoka Afghanistan, na gharama yake ilikuwa kubwa mno. Mwaka 1787, akiwa karibu na Palermo katika kisiwa cha Sicily, Goethe aliona utando wa buluu katika matanuri ya kuchomea chokaa, akaambiwa kwamba wenyeji huutumia kwa mapambo badala ya jiwe lile. Miaka 41 baadaye, mwaka 1828, mkemia Christian Gmelin wa Tübingen alichapisha njia ya kuitengeneza buluu hiyo, na mwaka huo huo Mfaransa Jean-Baptiste Guimet alipewa zawadi kwa ugunduzi kama huo. Malighafi yake ni udongo mweupe wa mfinyanzi, soda na salfa, vikichomwa pamoja. Rangi hutokana na vikundi vya atomi tatu za salfa vilivyonaswa katika vijumba vya udongo huo. Pamoja na buluu ya kobalti, iliyogunduliwa na Mfaransa Thénard mwaka 1802, rangi ya mbingu ikawa rahisi kuipata.

Kemia ilikuwa na masharti yake pia. Carl Rottmann, aliyezaliwa mwaka 1797, alitumwa Italia na Mfalme Ludwig wa Kwanza wa Bavaria, na kati ya miaka 1830 na 1833 alichora mandhari 28 za Italia katika baraza za bustani ya kifalme mjini Munich. Alichora juu ya lipu mbichi ya chokaa. Chokaa hiyo inapokauka hufyonza kaboni dayoksaidi ya hewa na kugeuka kalsiamu kaboneti, yaani jiwe, na rangi hufungwa humo. Lakini chokaa mbichi ni alkali kali, na rangi nyingi haziivumilii. Buluu ya Prussia, mathalan, huharibika. Tena baraza hizo zilikuwa wazi kwa baridi na unyevu wa Munich, na picha ziliumia, hata baadaye zikabanduliwa ukutani na kuhifadhiwa ndani. Nuru ya kusini haikustahimili hewa ya kaskazini.

Pango la Capri

Mwezi Agosti 1826, vijana wawili wa Kijerumani walikuwa katika kisiwa cha Capri karibu na Naples: August Kopisch, mchoraji na mshairi, na Ernst Fries, mchoraji wa mandhari. Waliambiwa habari za pango lililo kando ya bahari, ambalo wenyeji wengi waliliogopa kwa kuamini kwamba lina mashetani. Mlango wake ni mwembamba na upo mita moja hivi tu juu ya maji. Wakiongozwa na wenyeji, akiwamo mvuvi Angelo Ferraro, waliogelea ndani, wakakuta maji yanayong'aa kwa buluu kana kwamba taa imewashwa chini yake. Warumi wa kale walikuwa wamelijua pango hilo, lakini ni maandishi ya Kopisch ya mwaka 1838 yaliyolitangaza Ulaya nzima.

Maelezo yake si ya mashetani. Chini ya mlango ule mdogo upo mwanya mkubwa zaidi uliozama baharini. Nuru ya jua huingia kwa njia hiyo, ikipita majini. Maji hufyonza nuru nyekundu kwa nguvu, lakini buluu hupita karibu bila kupungua. Hivyo nuru inayoibuka ndani ya pango kutoka chini imekwisha kuchujwa. Msomaji aangalie tofauti hii: samawati ya mbingu hutokana na kutawanywa kwa nuru ya buluu, na buluu ya pango hutokana hasa na kufyonzwa kwa nuru nyekundu. Rangi zafanana, sababu ni mbili.

Gharama ya kuona

Mchoraji aliyeifuata nuru kwa uaminifu kuliko wengi alikuwa Carl Blechen. Alizaliwa Cottbus mwaka 1798, akawa karani wa benki, kisha mchoraji wa mandhari za jukwaani katika tamthilia mjini Berlin. Mwaka 1828 alikwenda Italia, na alipofika Amalfi mwaka uliofuata alichora kwa sepia, wino wa kahawia utokanao na ngisi. Katika picha hizo jua halikuchorwa. Blechen aliiacha karatasi nyeupe pale nuru ilipoanguka, akapaka vivuli peke yake, na macho ya mtazamaji humalizia kazi. Katika picha zake za mafuta, ardhi ya Italia imekauka, kuta zinaumiza macho kwa weupe, na mbingu ni pana na tupu.

Wapenzi wa sanaa wa Berlin walikuwa wamezoea Italia nyingine, yenye magofu mazuri, wachungaji na nuru ya asali. Wengi wao hawakuipenda Italia hiyo iliyoungua kwa jua. Blechen alifanywa profesa wa uchoraji wa mandhari mwaka 1831, lakini baada ya miaka michache alishikwa na maradhi ya akili, akafariki mwaka 1840, kabla hajatimiza miaka 42. Ilipofika 1906, katika maonyesho makubwa ya sanaa ya Kijerumani yaliyofanyika Berlin, ndipo watu wengi walipoziona tena kazi zake na kukiri kwamba alikuwa ametangulia wakati wake. Vijipicha vya uchunguzi, ambavyo zamani havikuhesabiwa kuwa picha kamili, sasa ndivyo vinavyothaminiwa zaidi.

Si haki kuwalaumu mno watu wa Berlin. Mazoea ni kama ile vanishi ya zamani: mtu huangalia kupitia ndani yake bila kujua kwamba ipo. Ili kuiona rangi ya kitu kama ilivyo, yafaa kuitenga na rangi za jirani. Mwalimu aweza kuwapa wanafunzi karatasi iliyokunjwa kama mrija, wautazame kwa jicho moja mlima au msitu wa mbali, kisha waandike rangi waliyoiona ndani ya mrija kabla ya kuambizana. Warudie asubuhi, adhuhuri na jioni, na baada ya mvua. Wengi watashangaa kwamba msitu wanaoujua kuwa kijani hauonekani kijani hata kidogo.

Msitu wa Serpentara

Yapo matunda mengine ya uchunguzi huu, ambayo hayamo katika picha. Karibu na mji mdogo wa Olevano, mashariki ya Roma, upo msitu wa mialoni uitwao Serpentara. Tangu siku za Koch, wachoraji wa Kijerumani walikuwa wakienda huko kila mwaka kuchora miti yake na majabali yaliyo chini yake. Mwaka 1873 ilisikika kwamba mialoni hiyo, karibu mia moja kwa idadi, itakatwa ili kutengenezwa mataruma ya reli. Mchoraji Edmund Kanoldt aliwaita wenzake wachange fedha. Msitu ukanunuliwa, na ili usiguswe tena, ukakabidhiwa kwa Mfalme Mkuu Wilhelm wa Kwanza wa Ujerumani. Msitu huo bado upo, na unahifadhiwa.

Kwa mnunuzi wa mbao, mwaloni ulikuwa taruma ambalo halijachongwa. Wachoraji nao walikuwa wameutazama mti ule ule kwa miaka 70, saa baada ya saa, nuru ikihama juu ya majani yake. Hawakuweza kuuona kuwa mbao tu. Mtu anayetazama kitu kwa muda mrefu na kwa uaminifu hukijua, na anayekijua hujali kikipotea. Hayo ni kweli kwa mchoraji mwenye karatasi na rangi, na ni kweli kwa mwanafunzi mwenye daftari na kipimajoto.